Kidato cha tano au chuo cha kati? Binti wa miaka 17, divisheni tuu

Baba wa Kihonda
Wakuu habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, kapata divisheni tuu, yaani daraja la pili. Mama yake anataka aende chuo cha kati, diploma ya utabibu, miaka mitatu anarudi na kazi mkononi. Mimi naona aende tano, PCB (Fizikia, Kemia, Bailojia), baadaye awe daktari kamili. Selform, ile fomu ya kuchagua shule au chuo, inakaribia kufungwa na humu ndani hatusemezani vizuri. Kipi bora? Natanguliza shukrani.

Jogoo la Shamba
Niko pale nimekaa, ngoja wajuzi waje.

Mwalimu Mstaafu
Tuu ya ngapi, mkuu? Na masomo yake? Unauliza bei ya nguo bila kusema kitambaa. Weka matokeo hapa.

Mama Mapacha
Na ada mmejipangaje? Na mtoto mwenyewe anasemaje? Nimesoma "mama anataka" na "mimi naona", yeye sijamwona.

Baba wa Kihonda
Samahani, nilikuwa barabarani. Ni tuu ya pointi 19. Bailojia B, Jiografia B, Kiswahili B, Kemia C, Kiingereza C, Historia C, Uraia D, Fizikia D, Hesabu F. Chuo binafsi nilichoulizia ni milioni moja na nusu kwa mwaka, hosteli mbali. Mwenyewe nimemuuliza mara tatu, jibu ni "vyovyote tu baba".

Mwalimu Mstaafu
Basi PCB ina mashaka. Kidato cha tano wanaangalia ufaulu wa masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo, na Fizikia ana D. Kinachomkaa vizuri upande wa sayansi ni CBG (Kemia, Bailojia, Jiografia), nayo haimfikishi udaktari wa binadamu, huko wanadai Fizikia ya kidato cha sita. Cha kuchekesha, njia ya mama ndiyo iko wazi: diploma ya utabibu inataka ufaulu wa Kemia, Bailojia na Fizikia, na D ni ufaulu. Ila msishangilie. Akitaka baadaye kutoka diploma kwenda udaktari, pamoja na GPA (wastani wa diploma) ya 3.0 watarudi kuangalia vyeti vya kidato cha nne, na ile F ya Hesabu itamkaba. Arudie Hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea, njia yoyote mtakayochagua.

Fundi Koki
Kila mtu koti jeupe. Mpeleke VETA, chuo cha ufundi stadi. Mimi nimetoka na ufundi bomba, leo nawakopesha wenye digrii.

Jogoo la Shamba
Fundi, wewe kila uzi ni VETA. Juzi mtu kauliza ugonjwa wa mgongo ukamwambia VETA.

Mama Mapacha
Naomba niseme la chuo cha kati, maana mimi kimeniunguza. Kijana wangu wa kwanza tulimpeleka chuo kimoja binafsi, jina nalihifadhi. Tulipelekwa na dalali, ndiyo, vyuo vina madalali, alinipigia simu siku mbili baada ya matokeo na namba yangu sijui kaitoa wapi. Ada ya mwaka wa kwanza tulilipa kwa kuuza kiwanja. Mwaka wa pili wakaongeza "mchango wa mitihani", wa tatu "mchango wa mazoezi hospitali". Mtoto kasoma, kafaulu, tumechinja mbuzi. Kuomba digrii, mfumo unadai AVN, ile namba ya kuthibitisha tuzo ya diploma inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Anaomba, haitoki. Chuo wanasema matokeo wameshapandisha. Tukaenda wenyewe kufuatilia, tukaambiwa matokeo ya muhula mmoja hayajawasilishwa. Muhula mmoja! Dirisha la kwanza limepita, la pili limepita. Mwaka mzima kijana kakaa na mimi dukani anapima sukari, hasemi kitu. Ile kunyamaza kwake ndiko kuliniuma. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, fungua mwongozo wa NACTVET uone chuo na kozi vimo, kisha mtafute aliyemaliza pale umuulize kama AVN aliipata.

Baba wa Kihonda
Pole sana dada. Hilo la AVN sikuwahi kulisikia.

Mwana wa Nakuru
Huku kwetu Kenya ukipata C+ kidato cha nne unaenda chuo kikuu moja kwa moja kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni. Hiyo tano na sita yenu ni kupotezea watoto miaka.

Kombania B
Na miezi ya JKT, mafunzo ya jeshi, juu yake! Ila mimi ilinisaidia, nilitoka najua kufua.

Mwalimu Mstaafu
Mwana wa Nakuru, miaka miwili ya kukua si hasara. Mtoto wa miaka 17 anayesema "vyovyote" bado hajaiva. Tena tano na sita shule za serikali ada ilifutwa tangu 2022, na digrii kuna bumu, mkopo wa serikali. Mikopo ya diploma ipo tangu 2023/24 lakini si kwa kila kozi.

Mama Mapacha
Baba, acha kumuuliza "unataka kuwa nani". Hata mimi ningesema vyovyote. Anafanya nini bila kusukumwa?

Baba wa Kihonda
Simu kama wenzake. Na kuku. Ana kuku wa kienyeji nyuma ya jiko, ana daftari lake la mistari: tarehe, vifaranga 14, wamekufa 3, na pembeni kaandika "sababu: baridi, kosa langu". Mama yake anamgombeza hayo madaftari angesomea Fizikia.

Mwalimu Mstaafu
"Sababu: baridi, kosa langu." Mkuu, na wewe ulikuja hapa na PCB. LITA, chuo cha serikali cha mifugo, wana kampasi hapo hapo Morogoro, diploma ya afya ya mifugo. Au CBG, kisha SUA, chuo kikuu cha kilimo, kiko hapo hapo mjini kwenu.

Baba wa Kihonda
Nimsomeshe miaka yote hii awe bwana mifugo?

Fundi Koki
Bibi mifugo.

Kombania B
Kupenda kuku watano siyo kupenda kusoma mifupa ya ng'ombe. Mimi nilipenda mpira, mbona si daktari wa magoti. Mpeleke akae na daktari wa mifugo wiki mbili, tano si inaanza Julai?

Jogoo la Shamba
Samahani nitoke nje ya mada. Mimi vifaranga wangu wanapigwa na mdondo kila mwaka na chanjo nawapa. Muulize huyo binti.

Baba wa Kihonda
Kacheka kwanza. Anauliza: chanjo unachanganya na maji gani, na ulipoinunua uliibeba na barafu?

Jogoo la Shamba
Maji ya bomba. Barafu hapana, mfukoni tu kwenye bodaboda.

Baba wa Kihonda
Anasema ndiyo hapo. Joto linaiua njiani, klorini inamalizia iliyobaki. Tumia maji ya kisima au ya mvua, na uwanyime maji saa moja au mbili kabla ili wakiyaona wayanywe yote. Kama ni ile ya tone la jichoni, anasema urudie kila miezi mitatu.

Mama Mapacha
Na wa kwangu wanaodonoana hadi damu, muulize tafadhali.

Baba wa Kihonda
Ngoja, simu kaichukua mwenyewe.