Kampuni kuingia soko la hisa bila kuuza hisa kwa umma: tukubali?

Wa Changamwe: Ami yangu na wenzake wana kampuni ya malori pale bandarini. Wameshauriwa waorodheshe hisa walizonazo kwenye soko la Nairobi, bila kuuza mpya kwa umma. Naunga mkono. GEMS, sehemu ya soko hilo ya kampuni ndogo, ilipoanza 2013 ilitaka mtaji wa shilingi milioni 10 tu, haikudai rekodi ya faida, ilhali sehemu kuu ya soko ilidai milioni 50 na faida miaka mitatu kati ya mitano. Wazee wa baraza wanaoogopa hisa ndio wanaotuchelewesha.

Mzee wa Kibokoni: Baraza limeingiaje hapa? Mimi mtu wa baraza, na 2008 nilipanga foleni ya hisa za Safaricom mchana kutwa, juani.

Wa Likoni: Zile za shilingi kumi?

Mzee wa Kibokoni: Tano, kijana. Watu waliomba kupita kiasi, tukapewa chache, pesa zilizobaki zikarudi zimechelewa. Nami nilikuwa nimekopa benki. Riba ikanimaliza.

Mama wa Kongowea: Riba, mzee wangu? Basi kilichokuuma ni mkopo, hisa haina kosa. Chama chetu tulinunua kwa pesa zetu za mboga na bado tunazo.

Mzee wa Kibokoni: Mamangu, dini yangu niachie mwenyewe. Nilikosea, nikatubu.

Wa Likoni: Kwani hisa zenyewe ni halali? Kampuni ikikopa kwa riba, mwenye hisa yumo.

Wa Kisauni: Ya halali waulizwe masheikh. Home Afrika ndiyo ya kwanza kuingia GEMS, Julai 2013, kwa njia hiyohiyo ya ami yako. Ilianzia shilingi 12, baadaye ikashuka chini ya shilingi moja. Kampuni yenyewe haiuzi hisa mpya, kwa hivyo haipati hata senti ya kununulia lori. Wewe wa nje unanunua kutoka kwa wa ndani, kwa bei waliyoianzisha wao.

Wa Changamwe: Kanuni za GEMS ziliwazuia wenye kampuni kuuza zao miezi 24 ya mwanzo. Na mshauri aliyeidhinishwa wa kuiongoza kampuni alikuwa lazima.

Mama wa Kongowea: Mshauri analipwa na nani?

Wa Changamwe: Na kampuni.

Mama wa Kongowea: Haya. Na huo mwezi wa 25, ami yako atauza au atakaa?

Wa Changamwe: Nitamuuliza Ijumaa.

Mzee wa Kibokoni: Muulize. Na lile neno la baraza ulirudishe.