Kikundi cha Familia ya Bibi Tatu, Tanga: Mafao ya Mwanaidi

Jumapili

Dada Rukia, saa 2:14 usiku
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naomba kila mmoja ausome ujumbe huu mpaka mwisho, maana ule wa wiki iliyopita mliujibu kwa vidole gumba tu. Mimba ya Mwanaidi inatimiza miezi sita, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka ampe mwajiri taarifa si chini ya miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Barua hiyo haina budi kufika shuleni kesho.

Mjomba Athumani, saa 2:31 usiku
Alaykum salaam. Wakiwa mapacha, likizo ni siku ngapi? Tumbo nililoliona kwenye maulidi halikuwa la mtoto mmoja.

Dada Rukia, saa 2:33 usiku
Mapacha ni siku 100 badala ya 84, Mjomba, lakini kipimo kimeonyesha mtoto mmoja. Likizo haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye mafao ya uzazi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo hayatolewi mpaka mwanachama awe na michango isiyopungua 36, na 12 kati ya hiyo iwe ya ndani ya miezi 36 kabla ya wiki ya kujifungua. Mwanaidi, waeleze ulichokikuta.

Mwanaidi, saa 3:05 usiku
Shikamooni. Hati zangu za mshahara zinaonyesha kwamba nimekatwa miezi 41 mfululizo, lakini taarifa ya michango niliyoichukua Alhamisi ina miezi 33 tu. Nilipomwonyesha mhasibu wa shule, aliigeuza karatasi upande wa nyuma kana kwamba ile minane imeandikwa huko, kisha akaniambia nirudi mambo yakitulia.

Mjomba Athumani, saa 3:09 usiku
Mwambie mtoto naye asubiri mambo yatulie. Baba yake je, hana likizo?

Dada Rukia, saa 3:10 usiku
Ana siku tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Mjomba Athumani, saa 3:12 usiku
Moja ya kutafuta kuku, moja ya kumkimbiza, na moja ya kulala.

Dada Rukia, saa 3:15 usiku
Mjomba, nakuomba. Sefu, kesho umsindikize Mwanaidi, kwa kuwa una gari na unawafahamu watu wa pale.

Zawadi, saa 3:48 usiku
Sefu tena? Ili bahasha ya kaki ikalale chini ya kiti kama ilivyolala yangu, nami nikiwa ndani na mtoto wa siku kumi, nasubiri fedha ambazo fomu zake hazikufika dirishani?

Sefu, saa 3:55 usiku
Dada, hilo nililiombea radhi mbele ya marehemu Baba, na yakaisha.

Kauthar, saa 4:20 usiku
Bibi amenituma niandike kama anavyosema: "Nimewasikia. Waliosema yameisha si Zawadi. Sefu atakwenda, kwa sababu mjamzito haachwi peke yake kugombea jasho lake. Bahasha ataishika Mwanaidi mwenyewe."

Jumatatu

Dada Rukia, saa 1:40 asubuhi
Maneno ya Bibi yamesomwa na watu 19, na hakuna aliyejibu. Sefu, umeamka?

Sefu, saa 7:10 mchana
Barua imepokelewa, na Mwanaidi amebaki na nakala yenye muhuri. Mhasibu hakuwepo; tumeambiwa turudi Ijumaa, nami Ijumaa nina safari ya Korogwe.

Dada Rukia, saa 7:12 mchana
Ijumaa hiyo hiyo, wasipoonyesha malipo ya miezi minane, Mwanaidi apeleke hati zote ofisi ya NSSF akalalamike kwamba amekatwa na fedha hazikufikishwa. Nani atakwenda naye?

Zawadi, saa 11:26 jioni
Nitakwenda mimi, nikipata mtu wa kumwachia duka.

Sefu, saa 11:30 jioni
Ninaweza kuwapeleka asubuhi kabla sijaondoka.

Zawadi, saa 2:02 usiku
Kwa gari lile lile?