Naomba ushauri: filamu ndefu ya katuni ya mtu mmoja

Habari zenu wakuu. Nataka kutengeneza filamu ndefu ya katuni peke yangu, kuanzia hadithi hadi sauti. Naomba mawazo ya waliowahi kuigusa kazi hii.

Najua inawezekana. Gints Zilbalodis wa Latvia aliitengeneza Away (2019) mwenyewe, hata muziki akatunga yeye, na inafika dakika 75. Haina mazungumzo hata kidogo, na naona hapo aliamua vizuri sana: hakuhitaji waigizaji wa sauti wala kulinganisha midomo na maneno.

Kinachonikosesha usingizi ni wingi wa michoro. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo. Hata mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, dakika 75 zinadai michoro 54,000! Kwa 3D (katuni za umbo la pande tatu zinazoundwa kwenye kompyuta) mhusika anaundwa mara moja, kisha anatumika kila onyesho, na programu ya Blender ni ya bure. Lakini napenda mno mstari uliochorwa kwa mkono, ule unaotetemeka kidogo. Sitaki kuupoteza.

Je, kuna aliyechanganya mandhari ya 3D na wahusika wa kuchora bila picha kuonekana viraka? Na ni bora kuchora kwanza rasimu ya filamu nzima, au kukamilisha onyesho moja moja? Nahofia nikifuata njia ya pili, maonyesho ya mwanzo yatapishana sana na ya mwisho kwa ubora, maana mkono hubadilika kadiri miaka inavyokwenda.