Majirani wa Mkomani: mfuko wa matambara

Mwanaisha 17:42
Masalkheri jamaa. Mafundi wamemaliza daka na mlango. Wameacha brashi tano, rola, chupa ya tapentaini chafu, rangi ya maji robo ndoo na mfuko wa matambara. Nichome au nitie mtaroni?

Ami Athman 17:44
Masalkheri mwanangu. Usichome, usimwage. Mlango umepakwa nini?

Mwanaisha 17:44
Mafuta ya kitani, ile linsidi.

Ami Athman 17:47
Basi toa huo mfuko ndani sasa hivi, mengine yangoje. Linsidi hukauka kwa kuvuta hewa, na ikivuta hewa hutoa joto. Tambara likitandazwa, joto lapotea. Likifinyangwa mfukoni na wenziwe, joto lakwama katikati na kuzidi, na kwa saa chache tu laweza kuwaka bila kiberiti. Na nyumba yenu juu ni makuti.

Mwanaisha 17:48
Subhanallah. Uko chini ya ngazi. Naenda.

Fundi Shee 17:50
Tandaza moja moja nje kwenye saruji, yasipandane, kila moja na jiwe lake lisipeperuke. Usianike kwenye kamba, yatakunjana. Yakikakamaa kabisa ndipo yaende na taka. Ukikosa nafasi, tia kwenye debe la chuma, maji yafunike yote, weka kifuniko.

Bi Maryamu 17:52
Na ya kupakia sifa mashua?

Ami Athman 17:53
Sifa ni mafuta ya samaki, Bi Maryamu. Tabia ni ile ile.

Mwanaisha 17:58
Nimeyatoa. La katikati lina uvuguvugu 😳

Fundi Shee 18:03
Umewahi. Tapentaini sasa: chupa itulie siku mbili tatu, usiitikise. Rangi itazama. Maji ya juu yamimine polepole kwenye chupa nyingine ya glasi, uandike jina, yataoshea brashi tena. Tope la chini changanya na mchanga kwenye kopo, likae wazi nje mbali na moto hadi ligande. Mchanga, si maranda: maranda yenye mafuta ni matambara mengine hayo. Wala usitie kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa msimtapishe, huingia mapafuni. Hospitali moja kwa moja.

Khamisi 18:05
Mtaro una ubaya gani lakini? Si waenda baharini tu

Ami Athman 18:06
Umejijibu, Khamisi.

Fundi Shee 18:10
Brashi za rangi ya maji: kamua kwanza kwenye gazeti kwa mgongo wa kisu. Osha kwenye ndoo mbili, lita tano tano, ya kwanza na sabuni, bila kufungulia mfereji. Ndoo zilale usiku. Asubuhi maji yaliyochuja mwaga kwenye udongo mkavu mbali na kisima, mashapo yaanike. Rola ya bei rahisi usiioshe, itakunywea maji mengi kuliko thamani yake. Ikauke, itupe.

Mwanaisha 18:12
Na hiyo robo ndoo?

Bi Maryamu 18:12
Rangi gani?

Mwanaisha 18:13
Nyeupe.

Bi Maryamu 18:13
Choo changu chaingoja. Namtuma mtoto.

Fundi Shee 18:16
Ibandike kifuniko kwa nyundo ya mpira asije akamwaga njiani. Ndoo ikiisha, iache wazi ikauke, kisha itoboe chini mtu asije akachotea maji ya kunywa.