Kaka anatibiwa vizuri, lakini siku nzima yuko kitandani

Binti_wa_Pili:
Wapendwa, kaka yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Tangu aanze sindano ya kila mwezi sauti zimepungua sana, namshukuru Mungu. Ila hana analofanya: anaamka kula, anarudi kulala. Mama anasema tumwache apumzike, mimi naona anazidi kuzama. Nimwamshe kwa nguvu?

Mwanachama:
Pole dada. Nina ugonjwa huohuo, kwa hiyo nisikilize. Huo si uvivu. Skizofrenia yenyewe inakausha hamu ya kufanya mambo, na sindano inayotuliza sauti hairudishi hamu hiyo kirahisi. Kumkaripia kutamfunga zaidi. Lakini na mama naye, kumwacha tu hivyo hapana.

Mimi kilichoniinua ni kuhitajika mahali. Nilijiunga na klabu ya mfumo ulioanzia Fountain House, New York, mwaka 1948, ambao chimbuko lake ni watu waliotoka hospitali ya akili. Pale huitwi mgonjwa, unaitwa mwanachama. Mnapika, mnapokea simu, mnapanga hesabu bega kwa bega na wafanyakazi, na uanachama hauna mwisho. Hulazimishwi kwenda, lakini usipoonekana mtu anakupigia kukuuliza hali. Jamani, ile simu! Nilikuwa nimeshazoea kutotafutwa na mtu.

Kama hakuna klabu karibu, mpeni kazi moja ambayo asipoifanya itakwama kweli. Kazi ya kubembelezwa ataijua mara moja, na itamuumiza.

Muuguzi_Jamii:
Naunga mkono. Mwambieni daktari kuhusu huo usingizi, huenda dozi ikarekebishwa, msiikatishe wenyewe. Apimwe uzito na sukari pia, maana baadhi ya dawa hizi huvipandisha. Na sasa akiwa ametulia, kaeni naye muandike: dalili zake za kuanza kuzidiwa ni zipi (kwa wengi usingizi hupotea kwanza), nani apigiwe, na yeye mwenyewe hataki kufanyiwa nini. Maneno yawe yake.

Binti_wa_Pili:
Asanteni mno. Kabla hajaugua alikuwa fundi wa redio, na ya mama imeharibika. Mwanachama, ulipoanza uliweza kukaa muda gani?

Mwanachama:
Mfupi sana, dada. Nilipanga viti nikaondoka. Siku nyingine niliishia njiani nikarudi, na hakuna aliyenigombeza. Mpe hiyo redio, ila usimwekee tarehe ya kumaliza.