Mrejesho: niliyeuliza kuhusu kuombea parseli (kiwanja cha kujenga)

Bwana asifiwe, wapendwa. Ni mimi wa Bukavu niliyeuliza kama ni vibaya kumwomba Mungu parseli na mtaji wa biashara kila siku, huku moyo umekauka. Wengi mlinielekeza kwenye maombi ya Paulo. Mama mmoja akasema nisiache kuomba chakula.

Nilianza na Wafilipi 1:9-11. Paulo yuko kifungoni, lakini anachowaombea ni upendo wao uzidi kuongezeka katika hekima na ufahamu. Wakolosai 1:9-12 vilevile: kumjua Mungu, saburi, uvumilivu, shukrani. Neno juu ya nyumba hakuna. Nikaanza kuyaomba hayo kwa kutaja watu: mume wangu, wakwe, na yule jirani wa hapa Kadutu tunayegombania naye maji. (Huyo ndiye mgumu. Kumwombea mema mtu aliyekumwagia ndoo si mchezo.) Sasa tunasalimiana. Zaidi ya hapo, bado.

Mama yule naye alisema kweli. Katika Mathayo 6:11 Yesu mwenyewe anatufundisha kuomba riziki ya leo, na ni katika sura hiyohiyo, 6:33, anaposema tutafute kwanza ufalme. Kwa hiyo parseli sijaifuta, ila imeshuka mwisho wa orodha. Kwenye kikundi chetu cha maombi wengine wanaona nimekatia baraka tamaa. Waseme. Parseli bado sina, na mume anaiuliza kila mwisho wa mwezi.