Mtoto wa miaka 9 na windo lake la kwanza la pofu (eland), kwa darubini: tuanzie wapi?

Mama Neema (Lang'ata)

Hamjambo wote. Kijana wangu ana miaka 9, na tangu aone video za watoto wa Marekani wakitoka na baba zao kuwinda elki (kulungu mkubwa wa kule), hana habari nyingine. Nimemweleza kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, kwa hiyo sisi tutawinda kwa macho. Amekubali kwa sharti: awe mnyama mkubwa, na amtafute yeye mwenyewe, si kuonyeshwa. Nimemchagulia pofu, yule swala mkubwa anayefanana na ng'ombe.

Naomba msaada wenu. Mbuga ya Nairobi inatosha au twende mbali kidogo? Darubini gani inamfaa? Mtoto wa umri huu hutulia muda gani kabla hajachoka? Gari letu ni Probox, la chini.

Mzee Nyayo

Mama Neema, umechagua vizuri, ila ujue umechagua mgumu. Pofu dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 900 na bado akawa mwoga kuliko swala pala. Punda milia watakuacha usimame karibu nao. Pofu hugeuka na kuondoka ungali mbali. Hakimbii kasi sana, ila akianza kutimka kwa mwendo wake wa kawaida hachoki upesi. Kwa hiyo windo lote ni kumwona kabla hajakuona.

Anza na Mbuga ya Nairobi. Ni kilomita za mraba 117 tu, na mko ndani dakika chache baada ya kutoka nyumbani. Najua Lango Kuu la Lang'ata Road ndilo la karibu nanyi, lakini asubuhi usiingilie hapo. Utapita msituni kwanza, kisha utaelekea mashariki jua likiwa machoni mwa mtoto saa nzima. Zungukeni mpaka Lango la Mashariki, upande wa Mombasa Road, muwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Mtaendesha kuelekea magharibi jua likiwa mgongoni, na nyasi zote mbele yenu zimemulikwa. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, si taslimu. Lipa jioni ya siku iliyotangulia, maana mtandao ukisumbua langoni mtapoteza saa nzuri kuliko zote.

Ndani, kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Kila nusu kilomita hivi simama na uzime injini kabisa, kwa sababu mtikisiko wake hupita mlangoni mpaka kwenye darubini na kila kitu huchezacheza. Kaeni dakika tatu. Mtoto aanze kwa macho matupu, kushoto kwenda kulia, mstari wa karibu, kisha wa kati, kisha wa mbali. Mwambie asitafute pofu mzima. Atafute kipande: mgongo ulionyooka juu ya majani, sikio linalopiga nzi, rangi ya hudhurungi isiyolingana na nyasi.

Yeye ndiye awe na neno la "simama". Akilisema, simama, hata kama umeona ni kichuguu. Mzazi akianza kumsahihisha kila mara, mtoto huacha kutafuta na kungoja aonyeshwe.

Dada Lenzi

Nijibu la darubini, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi hutupa pesa.

Usinunue ya 10x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Kukuza mara kumi hukuza pia mtetemo wa mikono, na eneo linaloonekana ni dogo, mtoto hampati mnyama hata ukimwelekeza. Chukua ya mara nane. Ya 8x42 ina mwanga mzuri alfajiri lakini nyingi hukaribia gramu 700, shingo ya mtoto italalamika. Ya 8x25 ni nyepesi ila hufifia kabla jua halijatoka vizuri. Ya 8x32 ndiyo ya kati na kati.

Kabla ya kulipa, ikunje mpaka mwisho na upime umbali kati ya vioo viwili vya macho, katikati hadi katikati. Nyingi za watu wazima huishia milimita 56 hivi, na macho ya mtoto wa miaka 9 yanaweza kuwa karibu zaidi ya hapo. Zikiwa pana kuliko macho yake ataona duara mbili zenye giza pembeni, na kwa kuwa hajui darubini inapaswa kuonyesha nini, hatakwambia. Atasema tu ameona. Muulize: unaona duara moja au mbili?

Kuiweka sawa: afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione maandishi ya mbali vizuri. Kisha afumbe la kushoto na azungushe pete iliyo kwenye kioo cha kulia. Pete hiyo ibandike kipande cha utepe isisogee. Mazoezi ni wiki moja kibarazani: amtazame ndege juu ya nguzo ya stima, asiondoe macho kwake, na alete darubini machoni. Watoto hufanya kinyume, huinamisha kichwa kutafuta darubini, na wakiinua tena ndege hawamwoni.

Garini aegemeze viwiko juu ya sweta lililokunjwa dirishani.

Kiptoo wa Savana

Namna ya kuhakikisha ni pofu. Kwa mbali hufanana mno na ng'ombe, na upande wa kusini wa mbuga, ng'ambo ya Mto Mbagathi, kuna ng'ombe wa kweli wanaochungwa. Mfundishe dalili nne: pembe zilizosokotwa zikielekea nyuma, nundu begani, ngozi inayoning'inia kooni, na mkia mwembamba wenye kishungi cheusi. Elki dume pekee ndiye mwenye pembe, na huziangusha kila mwaka. Pofu dume na jike wote wanazo na hubaki nazo maisha yote. Za jike ni nyembamba, mara nyingi ndefu kuliko za dume. Za dume ni nene na msokoto wake umejaa. Dume mzee hugeuka rangi ya kijivu-samawati shingoni na kuota nywele nyeusi kama brashi kwenye paji la uso.

Na zima redio. Dume akitembea magoti yake hulia, tak, tak, tak, mlio mkavu unaosikika mbali asubuhi tulivu. Inadhaniwa ni kano inayoteleza juu ya mfupa. Utafiti kuhusu pofu uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kadiri mlio unavyokuwa mzito ndivyo dume lilivyo kubwa. Mtoto akiusikia kabla ya kumwona, muulize unatoka wapi na anyooshe kidole huku amefumba macho.

Muda: saa tatu, basi. Saa moja na nusu ya kutafuta, nusu saa ya kula mahali paliporuhusiwa kushuka, kisha saa moja ya mwisho. Chakula kisiwe cha pakiti zinazopiga kelele. Nduma, mayai ya kuchemsha, ndizi, chai ya thamosi. Chupa za maji za plastiki ziache nyumbani. Plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020. Mkishuka kula, chakula kisiachwe mezani hata dakika moja, nyani wako macho.

Baba Leleshwa

Mimi nasema Nairobi ni darasa, ila mtoto anayetaka kuwinda kwa kweli atatosheka Hell's Gate, kule Naivasha. Pale unaruhusiwa kutembea kwa miguu, na pofu wapo. Kwa miguu ndipo upepo unapoanza kuwa na maana.

Tia jivu laini kwenye soksi kuukuu na ufunge kwa uzi. Kila hatua hamsini atikise kidogo atazame vumbi linaelekea wapi. Likielekea kwa pofu, zungukeni. Msiwaendee moja kwa moja. Nendeni kimshazari kana kwamba mnapita zenu. Vichwa vikiinuka, ganda mpaka warudi kula. Wakianza kutimka, windo limeisha, msiwafuate. Mkiona ndama simameni mita mia moja au zaidi, jike mwenye ndama hupigana. Nguo ziwe za kahawia au kijani iliyofifia, kamwe zisiwe kombati za madoa ya kijeshi, raia haruhusiwi kuzivaa.

Njiani asome alama. Kwato ya pofu inakaribia ya ng'ombe, imeviringa, ya mbele kubwa kuliko ya nyuma. Kinyesi chake ni punje. Cha nyati ni bapa. Tumieni vichaka vya leleshwa kujificha mnaposogea.

Mzee Nyayo

Baba Leleshwa, hapo mwisho nakupinga. Jua likipanda nyati hulala ndani ya leleshwa hizo hizo, na mtu aliyeinama akinyata hamwoni mpaka yuko hatua kumi. Mtoto akae kwenye nyasi fupi unakoona pande zote, mjifiche kwa mwinuko wa ardhi tu. Chukueni askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) awatangulie. Mkikuta kinyesi cha nyati kilicho kibichi, geukeni. Na kwenye korongo la Hell's Gate msishuke mvua ikitisha, hata kama inanyesha vilimani mbali. Mafuriko ya ghafla yaliua watu mle mwaka 2012 na tena 2019.

Baba Leleshwa

Kweli, kwa mtoto leleshwa ziachwe. Mwinuko unatosha.

Mama Neema (Lang'ata)

Asanteni sana. Tutaanza Nairobi, Hell's Gate likizo ya Agosti. Probox itafaa, au niazime gari la juu?

Kiptoo wa Savana

Kukiwa kukavu inafaa, ukikaa barabara kuu za mbuga. Ikinyesha usiku, ahirisha. Udongo mweusi wa tambarare ukilowa hujaza tairi hadi mikato yake isionekane, na gari linateleza pembeni hata ukienda pole. Mkikwama huruhusiwi kushuka kusukuma, kuna simba. Langoni ombeni nambari ya simu ya zamu muihifadhi kabla ya kuingia, na betri iwe imejaa. Mkinasa, acheni kukanyaga mafuta, maana tairi inajichimbia shimo. Pigeni simu, mseme mko karibu na makutano yenye nambari gani. Vibao vya makutano vina nambari, na kijana anaweza kupewa kazi ya kuziandika kwa penseli kila mnapopita.